Reli Iliyouzwa Pamoja na Mteja Wake

Kando ya mto Monongahela, karibu na Pittsburgh huko Pennsylvania, kuna reli fupi iitwayo Union Railroad. Haibebi abiria. Tangu mwaka 1894 kazi yake ni kuhudumia viwanda vya chuma. Inachukua koki Clairton, ambako makaa ya mawe huokwa kwenye majoko yasiyoingiza hewa, na kuipeleka Braddock kwenye matanuru ya Edgar Thomson. Kisha inaondoka Braddock na mabamba mazito ya chuma hadi kiwanda cha Irvin, ambako hupitishwa kwenye rola mpaka yawe membamba. Reli hii ikisimama, tanuru linakosa koki. Na tanuru la kuyeyushia chuma halizimwi jioni likawashwa asubuhi. Likipoa vibaya, chuma huganda tumboni mwake, matofali yake hupasuka, na kulifufua ni kazi ya muda mrefu na fedha nyingi.

Julai 2021 US Steel, kampuni yenye viwanda hivyo, iliiuza reli hiyo. Haikuuza hiyo peke yake: iliuza Transtar, kampuni tanzu iliyomiliki reli zake sita, zikiwemo za Gary huko Indiana, Lorain huko Ohio na Fairfield huko Alabama. Mnunuzi alikuwa kampuni ya uwekezaji ya New York, Fortress Transportation and Infrastructure Investors. Bei: dola milioni 640.

Ukitazama orodha ya mali, yaani vichwa vya treni, mabehewa, njia na karakana, ni vigumu kuziona hizo milioni 640. Ukisoma masharti ndipo unaziona. US Steel ilisaini mkataba wa miaka 15 wa kusafirisha mizigo yake kwa reli hizo hizo, na kwa miaka mitano ya mwanzo ikaahidi kiwango cha chini cha mizigo. Kilichonunuliwa hasa ni mteja. Kiwanda kilichojengwa kuzunguka njia zake za reli hakiwezi kuamka kesho kikatafuta msafirishaji mwingine, na fedha ambayo zamani ilitoka mfuko mmoja wa US Steel kwenda mwingine sasa inakwenda kwa wenye hisa wa kampuni nyingine kabisa.

Sisemi kwamba mauzo hayo yalikuwa dhuluma. Miezi michache kabla, Januari 2021, US Steel ilikuwa imemaliza kuinunua Big River Steel ya Arkansas, na ilihitaji fedha taslimu. Kuuza reli ukabaki na huduma ya reli ni uamuzi ambao mhasibu yeyote angeutetea. Ninachosema ni kwamba mauzo haya yanaonyesha waziwazi kile ambacho kampuni za uwekezaji hutafuta zinapozunguka sekta ya chuma. Mara nyingi haziendi kwenye tanuru lenyewe. Zinaenda kwa wale wanaolizunguka: mwenye reli, mtengeneza magurudumu, mwuza matofali ya tanuru, anayeondoa mavi ya chuma (takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa), anayetengeneza elektrodi. Hawa hawajulikani na umma, washindani wao ni wachache, na mteja wao hawezi kuishi bila wao hata wiki moja.

Nimefuatilia biashara hizi kwa muda mrefu, kupitia taarifa za fedha na nyaraka za mahakama za mufilisi, na kuna jambo moja ninaloliamini kwa dhati. Hatari haipo katika jina la mwenye mali. Ipo katika deni analolitundika juu ya kiwanda ambacho mapato yake yanapanda na kushuka na chuma.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Kampuni ya uwekezaji hukusanya fedha za mifuko ya pensheni, vyuo vikuu na matajiri, kwa kawaida katika mfuko wenye umri wa miaka 10. Ndani ya muda huo inatakiwa inunue, itengeneze na iuze, ndiyo maana kiwanda kimoja hukaa mkononi mwake miaka mitatu, mitano, au saba. Sehemu kubwa ya bei hulipwa kwa mkopo, na mkopo huo hauandikwi kwa jina la mnunuzi. Unaandikwa kwa jina la kiwanda kilichonunuliwa. Mambo yakiharibika, kinachopelekwa mahakamani ni kiwanda. Mnunuzi hupoteza alichoweka, na hapo hadithi yake inaishia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa uweke utaratibu huo juu ya chuma. Mwaka 2009 uzalishaji wa chuma Marekani ulianguka kutoka takriban tani milioni 91 za mwaka uliotangulia hadi milioni 58. Zaidi ya theluthi moja, katika mwaka mmoja. Kila anayeuza bidhaa kwa viwanda hivyo alianguka navyo. Riba ya mkopo haikuanguka. Kampuni inayoendeshwa na watu wa sekta hii kwa kawaida huweka akiba katika miaka minono kwa sababu inajua miaka mikavu inakuja. Kampuni iliyolemewa na deni la ununuzi haina ruhusa hiyo. Mwaka mnono wake tayari umeshaliwa.

Tena saa za pande hizi mbili hazifanani. Reli ikitandikwa kwenye njia kuu inaweza kukaa miongo kadhaa. Tanuru likijengwa upya ndani hutegemewa kufanya kazi miaka 15 au zaidi. Fundi anayejua kwa jicho tu kwamba gurudumu la treni limepozwa haraka mno hapatikani kwa mafunzo ya miezi sita. Mwenye mfuko wa miaka 10 anaweza kuwa mwaminifu na mwerevu, lakini faida ya kumfundisha fundi huyo itaonekana wakati yeye ameshaondoka.

Faida yao, kwa upande mwingine, huweza kuja kwa kasi ya kushangaza. Progress Rail ya Alabama hukarabati mabehewa na magurudumu, huuza reli, na hukusanya vyuma chakavu vya treni. Mwaka 2005 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya One Equity Partners kwa takriban dola milioni 405. Mwaka 2006 Caterpillar, mtengenezaji wa mitambo mizito, ikainunua kwa takriban dola bilioni 1, madeni yakiwemo. Mwaka mmoja! Siamini kwamba ndani ya mwaka mmoja mafundi wa Albertville walijifunza kufanya kazi maradufu. Kilichotokea ni kwamba kipindi kilikuwa kizuri kwa reli na kwa vyuma chakavu, na mtu alijua lini anunue na lini auze.

Caterpillar inaingia pia katika kisa cha Electro-Motive Diesel, na nakitaja kwa sababu kinanizuia nisiwalaumu wawekezaji peke yao. General Motors iliziuzia kampuni mbili za uwekezaji, Greenbriar na Berkshire Partners, kampuni hiyo ya kutengeneza vichwa vya treni mwaka 2005. Miaka mitano baadaye wawekezaji hao wakaiuzia Caterpillar, kupitia Progress Rail, kwa dola milioni 820. Siku ya mwaka mpya wa 2012 wafanyakazi wa kiwanda cha London, Ontario, walifungiwa nje ya lango baada ya kukataa kupunguziwa mishahara kwa karibu nusu. Mapema Februari kiwanda, kilichokuwepo tangu 1950, kilitangazwa kufungwa, na kazi ilikuwa tayari na kwingine pa kwenda, Muncie huko Indiana. Aliyefunga lango ni kampuni ya viwanda yenye historia ndefu na jina linaloheshimiwa. Mfuko wa uwekezaji ulikuwa umeshatoka zamani. Hata hivyo, kila mauzo yalikifanya kiwanda kile kuwa mstari mmoja zaidi katika jedwali la mtu aliye mbali, na mstari ni rahisi kufutwa.

Kisa kinachonisumbua kuliko vyote ni cha GrafTech, na hicho nitakikalia.

Tanuru la umeme huyeyusha vyuma chakavu kwa kupitisha umeme mkubwa katika nguzo za grafaiti. Hizo ndizo elektrodi. Huliwa taratibu na joto, na kila baada ya saa kadhaa lazima uongeze nyingine juu. Katika gharama nzima ya tani ya chuma elektrodi ni sehemu ndogo, ila bila hiyo huyeyushi kitu. Kuitengeneza huchukua miezi, na hatua mojawapo huihitaji ipashwe moto hadi karibu nyuzi 3,000 za selsiasi. Malighafi yake ni aina maalumu ya koki inayotokana na mabaki ya mafuta, na watengenezaji wake duniani wanahesabika. GrafTech, kampuni ya Ohio ambayo mizizi yake inarudi nyuma hadi 1886, ilikuwa na bahati adimu ya kumiliki kiwanda chake chenyewe cha koki hiyo, huko Seadrift, Texas.

Mwaka 2015 soko lilikuwa limelala. Kampuni ya uwekezaji ya Brookfield ya Kanada ikainunua GrafTech kwa thamani ya takriban dola bilioni 1.25, madeni yakiwemo. Ilikata gharama, ikauza vitengo vya pembeni, ikasimamisha utengenezaji wa elektrodi St. Marys, Pennsylvania. Kisha 2017 dunia ikageuka. China ilifunga matanuru machafu na viwanda vingi vikahamia kwenye tanuru la umeme. Wakati huo huo watengenezaji wa betri za magari nao wakaanza kuigombea ile koki maalumu. Elektrodi zilizokuwa zikiuzwa kwa dola elfu mbili na ushee kwa tani zikapita dola 10,000. Viwanda vya chuma viliingiwa na hofu ya kukosa, na vingi vilisaini na GrafTech mikataba ya miaka mitatu hadi mitano ya kununua kwa bei karibu na kilele kile, wapende wasipende.

Mpaka hapo Brookfield inastahili sifa: ilinunua wakati wengine wanakimbia, na mikataba ile ilipangwa kwa akili. Ila tazama kilichofuata. Februari 2018 GrafTech ilikopa dola bilioni 1.5. Zaidi ya bilioni 1.1 kati ya hizo zililipwa kwa Brookfield kama gawio. Aprili hisa zikauzwa katika soko la New York kwa dola 15 kila moja. Kwa maneno mengine, kabla mwananchi wa kwanza hajanunua hisa moja, mwenye kampuni alikuwa amejirudishia fedha inayokaribia thamani nzima aliyoinunulia, na aliyeachiwa deni ni kiwanda.

Miaka minono ikapita. Bei ya soko ilishuka chini ya bei ya mikataba, na baadhi ya wateja wakaenda kwenye usuluhishi kudai nafuu. Wale waliobanwa hawakuwa na hamu ya kurudi mikataba ilipokwisha. Mteja aliyelipishwa bei ya kilele kwa miaka mitano hukumbuka. Septemba 2022 mamlaka ya mazingira ya jimbo la Nuevo León, Meksiko, ilisimamisha kiwanda cha Monterrey, ambacho GrafTech ilikitegemea kwa viungio vya elektrodi, na bila viungio elektrodi haziunganishwi. Kufikia 2024 hisa iliyouzwa dola 15 ilikuwa chini ya dola moja, na kampuni ilikuwa inajadiliana upya na wadai wake.

Je, deni pekee ndilo lililoiangusha? Hapana. Soko, Monterrey na ushindani wa China vingeiumiza kampuni yoyote. Lakini kampuni isiyodaiwa ingepita katika dhoruba ile kwa kupunguza faida. Hii iliingia ikiwa imeshatoa akiba yake yote na kukopa juu yake, ili kumlipa mtu ambaye alikuwa njiani kuondoka. Hapo ndipo ninapokataa lugha laini ya kwamba mwenye mali alitumia haki yake. Alikuwa na haki. Alitumia haki hiyo kuchukua miaka mibaya ya wenzake na kuigeuza fedha yake ya leo.

Phoenix Services ya Pennsylvania ni mfano mfupi wa jambo hilo hilo. Wafanyakazi wake huingia na mitambo mizito ndani ya viwanda vya chuma, huondoa mavi ya chuma yakiwa bado moto, huyapoza, huyasaga, na kutoa chuma kilichonaswa ndani. Ni kazi ya hatari na ya lazima. Mwaka 2018 Apollo iliinunua kutoka Olympus Partners. Kutoka mfuko wa uwekezaji kwenda mwingine, yaani. Septemba 2022 ilikuwa katika mahakama ya mufilisi huko Delaware, na mwishowe ikawa mali ya waliokuwa wakiidai. Mavi ya chuma yaliendelea kutoka kila siku, na mitambo iliendelea kuyabeba. Kazi haikuwahi kukosekana.

Wapo watakaonikumbusha kwamba bila wawekezaji wa namna hii sehemu kubwa ya chuma cha Marekani ingezikwa. Wana hoja, na hoja yao ina jina: Wilbur Ross. Mwaka 2002 kampuni yake, WL Ross, ilinunua mabaki ya LTV, kampuni ya chuma iliyofilisika, na kuanzisha International Steel Group, karibu wakati ule ule serikali ya George W. Bush ilipoweka ushuru wa hadi asilimia 30 kwa chuma cha nje. Mwaka 2003 ikanunua mali za Bethlehem Steel, nayo iliyofilisika, kwa takriban dola bilioni 1.5. Ilikaa mezani na chama cha wafanyakazi, ikapata mkataba mpya, na matanuru ya Cleveland na Burns Harbor yakaendelea kuwaka. Mwaka 2004 ilikubali kuuza yote kwa kampuni ya chuma ya Mittal kwa dola bilioni 4.5.

Hesabu hiyo haijakamilika mpaka uongeze waliokwisha kustaafu. Shirika la serikali la bima ya pensheni lilichukua mfuko wa Bethlehem Desemba 2002 ukiwa na pengo la zaidi ya dola bilioni 3. Mwisho wa Machi 2003 wastaafu na wategemezi wao wapatao 95,000 walikatiwa bima ya afya waliyokuwa wameahidiwa. Mwekezaji hakuvunja ahadi hiyo yeye mwenyewe. Alisubiri ivunjwe mahakamani, kisha akanunua kilichobaki kikiwa chepesi. Matanuru yaliokolewa kweli. Nafikiri ni lazima mtu aseme pia yaliokolewa kwa fedha ya nani.

Katika mali zile za Bethlehem kulikuwemo Steelton, Pennsylvania, mahali ambapo reli za chuma zimekuwa zikitengenezwa tangu miaka ya 1860. Ilipita kwa Ross, ikaenda kwa Mittal, na mwaka 2020 ikaangukia kwa Cleveland-Cliffs. Mwaka 2025 Cliffs ilitangaza kuisimamisha.

Uingereza ina kisa chake, na kule reli zenyewe ndizo zilizokuwa rehani. Mwaka 2016 Tata ya India iliiuzia kampuni ya uwekezaji ya Greybull Capital kitengo chake cha reli, nondo na vyuma vya ujenzi kwa pauni moja. Makao yake yalikuwa Scunthorpe, pamoja na kiwanda cha reli cha Hayange, Ufaransa. Wafanyakazi walikubali kupunguziwa mshahara na pensheni ili mpango upite. Jina la British Steel lilirudishwa, na mwaka wa kwanza ulileta faida na matumaini mengi. Nyuma ya matumaini hayo, British Steel ilikuwa ikimlipa mwenye nayo ada za usimamizi na riba ya mkopo. Mei 2019, wiki chache tu baada ya Greybull kuruhusiwa na mahakama kukinunua kiwanda kingine cha chuma Ufaransa, Ascoval, British Steel iliingia katika ufilisi. Watu karibu 5,000 hawakujua kesho yao.

Jingye ya China iliinunua Machi 2020. Hayange haikwenda nayo, kwa kuwa Ufaransa ililiona suala la nani anayetengeneza reli za SNCF, shirika lake la reli, kuwa suala la taifa. Hatimaye kiwanda kile kikawa cha Saarstahl ya Ujerumani. Uingereza ilichelewa kuliona hivyo. Scunthorpe huipatia Network Rail, msimamizi wa njia za reli za Uingereza, takriban asilimia 95 ya reli zake, na ilibidi ifike Aprili 2025, Jingye ikiwa imeacha kuagiza malighafi ya kutosha kwa matanuru mawili yaliyobaki, ndipo Bunge likaitwa siku ya Jumamosi, tarehe 12, kupitisha sheria ya kuiruhusu serikali kuchukua uendeshaji. Koki na mawe ya chuma vikakimbizwa kutoka bandari ya Immingham kabla matanuru hayajapoa. Pauni moja ya mwaka 2016 ilikuwa bei ya chini kuliko zote, na imewagharimu walipa kodi vibaya.

Hata hivyo kuna jambo moja la Uingereza ninalolitamani kwa wafanyakazi wa Marekani. Zile ada na ile riba ya Greybull tulizijua kwa sababu sheria ya Uingereza hutaka hata kampuni isiyo sokoni iwasilishe hesabu zake kwa msajili, na yeyote anaweza kuzisoma. Waandishi walizisoma. Wabunge walizisoma, wakawauliza wahusika ana kwa ana.

Marekani haina sharti kama hilo. Mwaka 2024 kampuni ya viwanda ya Arcosa iliiuzia kampuni ya uwekezaji ya Stellex Capital Management kitengo chake cha vipuri vya chuma, na ndani yake kulikuwa na McConway & Torley ya Pittsburgh, iliyoanza 1868. Wao ni miongoni mwa waliotengeneza mwanzoni kiungio cha mabehewa alichokibuni Eli Janney na kupewa hataza mwaka 1873, kile kilichowaondoa wafanyakazi wa treni katikati ya mabehewa mawili, walikokuwa wakipoteza vidole na mikono. Sheria ya mwaka 1893 ikaviagiza viungio vya kujifunga vyenyewe kwenye treni za biashara kati ya majimbo. Arcosa ilikuwa na hisa sokoni, na hesabu zake zilikuwa wazi kwa kila mtu. Tangu kitengo hicho kitoke mikononi mwake, anayemimina chuma pale Lawrenceville halazimiki kuambiwa deni lililoandikwa kwa jina la kiwanda chake, wala gawio lililotoka, wala ada. Chama chake kinaweza kudai mnunuzi auheshimu mkataba wa kazi, na vyama vya chuma vimeupigania sana ulinzi huo. Sharti la kuchapisha deni la kiwanda kilichonunuliwa kwa mkopo lingegharimu karatasi chache kwa mwaka, na ndilo ninalotaka wabunge wa Pennsylvania, Ohio na Indiana waanze nalo, kabla mauzo mengine hayajatangazwa.